Neno "run" na sisi tunaoitwa wakimbizi

Kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake jipya, inahesabu maana 645 za kitenzi run peke yake. Wengi hushangaa hapo. Mi nashangaa zaidi tafsiri zetu za kambini, ambazo zinaona maana moja tu: kukimbia. Maji hayakimbii jamani, yanatiririka. Kitenge kibaya kinachuja, duka linaendeshwa, mtu anagombea uongozi, na mafuta ya mgao yanaisha kabla ya mwezi. Kila jambo Kiswahili kimelipa kitenzi chake, kwa hiyo anayesema lugha yetu maskini simwelewi.

Kinachonikera ni mkimbizi. Waingereza walichukua jina letu kwa Kifaransa, wakawaita hivyo Waprotestanti waliotoroka Ufaransa mwaka 1685. Ndani ya neno lile mna mbio pia, ila mna na mahali pa kufikia. Sisi tunalo kimbilio, tena zuri, lakini jina la mtu tumelijenga kwa mbio tupu. Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Aliyezaliwa pale hajakimbia popote, na huenda sasa ana watoto. Nao kwenye karatasi wanakimbia.