Ufundi Unaoonyesha Ukatili Bila Kumwanika Aliyeumizwa

Msanii anayetaka kuuzungumzia ubakaji hukutana na mtego mapema: akilichora tendo lenyewe, aliyeumizwa hugeuzwa kitu cha kutazamwa kwa mara ya pili. Ndiyo maana nausifu ufundi wa wasanii wa kike walioacha mwili wakashika mavazi. Tarehe 12 Juni 2015, Alketa Xhafa Mripa, mzaliwa wa Kosovo aishiye London, alitanda kamba za kuanikia nguo katika uwanja wa mpira wa Pristina, akatundika magauni na sketi zipatazo 5,000. Zilitolewa na raia wa kawaida, na Rais wa wakati huo, Atifete Jahjaga, naye akatoa. Waliobakwa katika vita vya 1998 hadi 1999 hukadiriwa kufikia 20,000, lakini hapakuwa na picha ya hata mmoja wao. Palikuwa na nguo safi tu, pale ambapo wanaume wamezoea kwenda kushangilia mabao.

Ufundi huu haukomei kwenye vita. Mwaka 2009, huko Ciudad Juárez nchini Mexico, mji uliokuwa ukipoteza wanawake wengi kwa kuuawa na kutoweka, Elina Chauvet alipanga barabarani jozi 33 za viatu vyekundu. Dada yake mwenyewe aliuawa na mumewe. Kwa hiyo katika safu ile ile aliwaweka waliopotelea mitaani na waliofia majumbani mwao, akakataa kukubali kwamba kipigo cha mume ni jambo dogo kuliko uovu wa mtu baki.

Wapo wasemao kwamba mambo ya chumbani hayaanikwi hadharani. Lakini siri hiyo humlinda anayepiga, si anayepigwa. Tena tazama ustadi wa Mripa: kwa kuwa yeyote aliweza kutoa gauni, gauni la manusura lilining'inia kati ya magauni ya majirani, na hakuna aliyeweza kulitenga. Uovu ulionekana, mwenye jeraha akabaki na stara yake. Wengine watasema gauni halimpeleki mbakaji gerezani. Ni kweli. Hata hivyo, Bunge la Kosovo lilirekebisha sheria mwaka 2014 ili waliobakwa vitani watambuliwe, na maombi ya malipo yao yakaanza kupokewa mwaka 2018. Haki iliyoandikwa kwenye karatasi haimfai mwanamke anayeogopa kuidai kwa sababu ya macho ya watu. Sheria humfungulia mlango. Anayemwondolea aibu ya kuupita ni jamii iliyokwisha kusimama hadharani upande wake, na kuisimamisha jamii namna hiyo ndiyo kazi ya sanaa hii.

Basi sanaa hii tusiiite mapambo. Wenye mamlaka juu ya viwanja na barabara wawape wasanii hawa nafasi pana, nasi tukiombwa gauni au jozi ya viatu, tutoe. Aibu ya ukatili ni ya aliyeutenda, na ni wajibu wetu kumrudishia.