Heko kwa Wachezaji Wasiochoka Kuomba

Wachezaji wa Medieval Dynasty wanastahili pongezi sawa na waliouunda. Mchezo huu wa kompyuta, kazi ya kampuni ya Render Cube ya Łódź, Polandi, ulianza kuuzwa ukiwa haujakamilika Septemba 2020; toleo kamili likafuata mwaka 2021. Unakuwa Racimir, kijana aliyekimbia vita akatafuta makao bondeni. Unaanza na shoka la jiwe: kata mti, panga magogo ya ukuta, ezeka nyasi. Usipogusa mipangilio, msimu mmoja ni siku 3 tu. Baridi ikifika na kuni hakuna, wanakijiji wa kijiji unachojenga wananuna, na wakizidi kununa wanahama.

Ombi la wachezaji lililorudi tena na tena lilikuwa moja: tucheze na wenzetu. Desemba 2023 likajibiwa kwa ramani mpya, The Oxbow, yenye nafasi ya wachezaji hadi 4. Kuongeza hilo kwenye mchezo uliobuniwa kwa mtu mmoja si lelemama.

Hata hivyo, mimi nawavulia kofia zaidi wanaoomba vitu vidogo: uzio ufuate vizuri mteremko, mke wa Racimir azungumze kama mtu aliyeolewa, siyo kurudia salamu zilezile. Maombi ya namna hii hutoka kwa mtu aliyekaa kijijini hasa, aliyejua nani analala wapi na shamba lipi halijatiwa mbolea. Mtengenezaji hawezi kumwajiri mjaribuji bora kuliko huyo, na huyo amelipa mwenyewe ili aingie.