Mchezaji Akidai Ujira, Ni Tamaa?

Ndugu msomaji, wachezaji wa mpira wanapodai ujira wao, mashabiki huwa wepesi kusema: "Hao wana tamaa; walipwa kwa kucheza, na bado hawashibi." Neno hili halina insafu.

Tazama yaliyopita Uingereza. Hadi Januari 1961 mchezaji, hata awe hodari vipi, hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, na huku watu wakijaza viwanja na kutoa viingilio. Tena mkataba wake ukimalizika, klabu iliweza kumzuia asihamie kwengine. Wachezaji, wakiongozwa na Jimmy Hill, walipotishia kugoma, kikomo kile kikaondolewa, na Johnny Haynes wa Fulham akapata pauni 100 kwa wiki. George Eastham naye alikwenda mahakamani kwa ajili ya kule kuzuiwa, na mwaka 1963 jaji akaamua kwamba kumfunga mtu hivyo kumepita kiasi.

Basi shabiki asemaye "tamaa" na ajiulize: fedha ya mlangoni, asipopewa mwenye kutoka jasho, huingia mfukoni mwa nani? Kwake yeye shabiki hairudi hata senti moja.

Sisemi kwamba mamilioni wanayolipwa baadhi yao leo ni ya kusifiwa. Israfu ni israfu. Lakini utajiri wa wachache hauiondoi haki ya wengi. Tumefunzwa kumlipa mfanya kazi bila ya kumchelewesha, wala hatukuambiwa tutazame kwanza kama kazi yake ni mchezo. Tusihukumu kabla ya kuzisikiliza pande mbili.