Mkasi wa Coppola: Riwaya Pendwa Inapogeuzwa Filamu

Katika kumbi zetu za mihadhara kuna kauli ambayo imekwisha kuwa kama sala: riwaya pendwa haina kina, ni ya kupotezea muda ndani ya basi. Elvis Musiba na Willy Gamba wake wanatajwa kwa dakika mbili, tunaambiwa fani inasisimua ila maudhui ni hafifu, kisha mhadhiri anafungua Kezilahabi. Sina ugomvi na Kezilahabi. Ugomvi wangu ni na zile dakika mbili, na ili nisionekane napiga kelele tu, nitamwita shahidi kutoka mbali: The Godfather, riwaya ya Mario Puzo (1969) na filamu aliyoiongoza Francis Ford Coppola (1972).

Puzo hakuanza kama mwandishi wa pendwa. Alikwisha kutoa The Dark Arena (1955) na The Fortunate Pilgrim (1965). Wahakiki wakamsifu, mfuko ukabaki mtupu. The Godfather, alikiri mwenyewe, aliiandika ili apate pesa za kulipa madeni. Kwa hiyo akatia ndani kila kinachouza: damu, kitanda, majambazi, waimbaji wa Hollywood. Coppola naye amesimulia kwamba alipoianza mara ya kwanza aliiona ya ovyo, akaiweka chini. Hadi hapo wahadhiri wetu wameshinda.

Lakini hebu tutazame alichofanya alipoirudia. Alizitoa kurasa za riwaya, akazibandika katika daftari kubwa, pembeni akajaza maoni yake. Akaigawa hadithi katika maonyesho 50, na kila onyesho akaliuliza maswali yale yale: muhtasari wake ni upi, zama zake zilikuwaje, taswira na toni yake iweje, kiini chake ni nini, na mitego ya kuepuka ni ipi. (Daftari hilo lilitolewa kama kitabu mwaka 2016; anayebisha na akalitafute.) Sasa jamani, huo si uhakiki? Sisi tumezoea kuorodhesha dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, mandhari, basi, tumemaliza. Kuuliza kiini ni kazi nyingine kabisa. Ni kuuliza: onyesho hili likiondoka, ni kitu gani kitaanguka?

Chukua mwanzo. Puzo anaanzia mahakamani, New York. Amerigo Bonasera, mwenye biashara ya mazishi, ameketi akingoja haki dhidi ya vijana waliompiga binti yake. Hakimu anawapa kifungo cha nje, wanatoka. Ndiyo kanuni ya pendwa, tukio kwanza. Filamu, ambayo siku zote tunaambiwa ni sanaa ya kuonyesha, imeitupa mahakama yote! Inaanza na giza, uso wa Bonasera, na sauti yake akieleza yaliyompata, huku kamera ikirudi nyuma polepole mpaka tunamwona kwa kisogo yule anayesikiliza. Yaani tukio limegeuzwa kuwa masimulizi ya mdomo. Kwa nini? Kwa sababu kiini si kipigo wala hakimu. Kiini ni mtu mzima aliyeiamini serikali, na sasa amekuja kuinama katika ofisi ya Don Corleone. Anayeomba hana budi kusimulia, na kila neno analosimulia linampunguza. Na tusidanganyane, ombi hilo limo katika riwaya, kurasa chache mbele, siku ya harusi. Coppola hakulibuni. Alilisoma, akaona kwamba ndipo mlango wa nyumba ulipo.

Vivyo hivyo mauaji ya mwisho. Kwa Puzo, ibada ya mtoto wa Connie inapita upesi na damu inakuja baadaye, kila adui na aya zake. Filamu inavisuka pamoja: Michael anamkana Shetani kwa niaba ya mtoto, kinanda cha kanisa kinalia, na huko nje watu wake wanaua. Jina la kitabu lenyewe, baba wa ubatizo, ndipo linapouma.

Penye tofauti kubwa zaidi ni hatima ya Kay, mke wa Michael. Katika riwaya anapogundua kwamba mumewe amemwongopea, anakimbilia kwao New Hampshire. Tom Hagen anamfuata, anamfafanulia kwa nini ilibidi watu wafe, naye anaelewa, anarudi, na tunamwacha kanisani akimwombea mumewe. Msomaji anafunga kitabu roho imetulia. Hapa wanaoishambulia riwaya pendwa wana hoja: inabembeleza. Filamu haimtumi Hagen popote. Mlango unafungwa usoni mwa Kay, basi.

Je, mkasi ulikata takataka tu? Lucy Mancini na upasuaji wake (ambao siwezi kuueleza hapa bila kuona haya) simlilii. Lakini ujana wa Vito, jinsi mhamiaji maskini alivyogeuka kimbilio la maskini wenzake kisha bwana wao, ulikatwa pia, na bila huo yule mzee wa Marlon Brando anaonekana kama sultani aliyezaliwa na kiti chake. Huo ndio uti wa mgongo wa kijamii wa kitabu. Coppola alilazimika kuurudia katika filamu ya pili, mwaka 1974. Kwa hiyo maudhui mazito yalikuwamo humo humo, katikati ya risasi na vitanda.

Kwetu, Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na wengi tulifurahi. Ila hiyo ni riwaya ambayo rafu ya dhati ilikwisha kuipokea. Mimi nataka tumjaribu Musiba. Nimetoa kivuli cha Kufa na Kupona (1974), maana cha maktaba hakichanwi, daftari ninalo na gundi ninayo. Nimefika onyesho la nne, na swali la kiini limenikwamisha hapo kwa wiki nzima.