Kilo 7 za Maskati

Kabla hata ya kuuliza harusi ni tarehe ngapi, aliomba atumiwe picha ya dari. Jamaa wa bibi harusi kule Maskati walimtumia ukumbi: jukwaa, viti vya rangi ya dhahabu, maua hadi mlangoni. Akawajibu kwa ujumbe wa sauti, "Mashallah, pamependeza. Sasa dada, inua simu nione juu." Dari ikaja: nyeupe, ya jasi, haiko mbali na vichwa vya watu. Papo hapo mwavuli wa taa na stendi zake mbili vikarudi kabatini.

Ana sababu. Siku ya kupamba, bibi harusi hukaa mbele ya wageni na nguo iliyotariziwa nyuzi za dhahabu. Flashi ikimpiga moja kwa moja, dhahabu yote hugeuka doa jeupe na uso hubaki bapa. Ukiielekeza juu, dari nyeupe hukurudishia mwanga mpana na laini. Dari ya mbao, au iliyopakwa rangi, hurudisha mwanga wenye rangi yake, na hina haionekani tena hina. Ndiyo maana dari huamua uzito wa begi mapema kuliko kitu kingine chochote.

Huyu ni mpiga picha wa Mombasa, na kazi yake ni shughuli za wanawake peke yao. Mlangoni hakuna mwanamume, buibui huvuliwa, simu hukusanywa. Maskati kuna familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na pwani yetu ambazo bado huongea Kiswahili nyumbani, na zinapotaka mtu anayejua kupamba kunaanzia wapi na kuishia wapi, humwita yeye.

Wapiga picha wengi niliowaona wakifungasha huanza na kabati: wanatazama walicho nacho, wanachukua wanachokipenda, kisha wanapigana na zipu. Yeye huanza na shughuli. Hukaa sakafuni, akaipitia kwa mdomo, saa kwa saa: mchana hina inakauka, magharibi nguo, baada ya isha bibi harusi anaingia, kisha shangwe, kisha mama anamkumbatia. Kwa kila saa mkono wake huokota kitu kimoja. Kisichookotwa hakisafiri.

Kamera mbili, zote Sony A7 IV, kila moja gramu 658 ikiwa na betri na kadi. Lazima zifanane ili betri ziwe za aina moja, rangi ziwe moja, na vidole visiulize kitufe kiko wapi gizani. Lenzi ya milimita 20 kwa chumba kilichojaa shangazi na binamu. Ya milimita 35 kwa karibu kila kitu kingine. Tundu lake la f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya lenzi za kuvuta zenye f/2.8, na ina gramu 280 tu. Nikamwonyesha lenzi ndefu, ya 70 hadi 200, ambayo peke yake inapita kilo moja.

"Hii ya mbali je?"

"Mbali wapi? Bi harusi yuko hatua nne kutoka kwangu."

Aliposita ni kati ya lenzi mbili: ya milimita 85, ambayo uso wowote huupenda, na ya milimita 90 ya kupigia vitu vidogo, gramu 602. Aliziweka zote mbili, akatoa moja, akairudisha. Mwishowe ya 85 ikabaki nyumbani. Mimi nisingeiacha, tundu lake ni kubwa zaidi na hushika shabaha upesi. Lakini yeye alikuwa anafikiria piko, ile mistari myeusi myembamba inayozungushwa pembeni ya ua la hina. Ukiisogelea na f/2.8, kinachoonekana vizuri ni ukingo wa kidole kimoja, vingine vyote ukungu. Inabidi ufunge tundu hadi f/8, na hapo giza linaingia, ndipo anapochukua taa bapa isiyozidi ukubwa wa simu. Uso ataupata kwa 90 pia, alisema. Piko haipati kwa 85.

Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 7 mkononi, na kamera haziendi chini na masanduku. Betri za akiba nazo haziruhusiwi kwenda chini, kwa kuwa zikishika moto huko hakuna mhudumu wa kuzifikia. Zake zina wati-saa 16.4 kila moja, mbali kabisa na kikomo cha 100, na kila moja amezifunika ncha za chuma kwa utepe. Adapta ya umeme hachukui: plagi za Oman ni zile zile za pini tatu bapa za kwetu.

Julai joto la Maskati hupita nyuzi 40. Kamera iliyoshinda kwenye kiyoyozi ikitolewa nje kumsindikiza bibi harusi garini, kioo hujaa ukungu, na kuufuta ni kazi bure kwa sababu unarudi. Kwa hiyo amebeba mifuko mikubwa ya plastiki yenye kufunga. Kamera moja hutangulia nje mapema ikiwa ndani ya mfuko, ipate joto taratibu.

Kuhusu kupunguza mzigo, kisa anachokipenda ni cha mpiga picha Frank Hurley. Mwaka 1915, baada ya meli ya Endurance kubanwa na barafu ya Bahari ya Weddell, alikaa juu ya barafu na kiongozi wa msafara, Ernest Shackleton, wakachambua negativu za vioo. Walibakiza yapata 120. Nyingine zipatazo 400 wakazivunja hapo hapo, asije akabadili mawazo. Kamera kubwa akaziacha, akabaki na Kodak ya mfukoni na filamu tatu. Mwenzetu havunji kitu, ila kabati akishalifunga, ufunguo humkabidhi mamake.

Zinabaki kadi. Kamera huandika kila picha kwenye kadi mbili kwa pamoja. Shughuli ikiisha, seti moja ataivaa kwenye kipochi chini ya buibui; ya pili ataiacha mkononi mwa mama wa bibi harusi hadi atakapofika Mombasa na kupiga simu. Hakuna picha inayopandishwa mtandaoni. Uwanja wa ndege kamera hupita na kadi tupu, kwa sababu afisa anaweza kumwambia aiwashe, na hao wanawake hawakuvua buibui kwa ajili ya afisa. Kadi tupu amezitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha, na huziingiza begini mwisho kabisa.