Kosa Lisilo na Tukio: Usimulizi wa Uzembe wa Kitabibu Kutoka Bungoma hadi Kitale

1. Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili haijakosa vifo vya hospitalini. Wagonjwa hufia vyumba vya kusubiria, watoto huaga dunia wauguzi wakipiga soga, na maskini hufukuzwa langoni kwa kukosa pesa. Hata hivyo, ipo aina moja ya kifo ambayo fasihi hiyo haijaipa nafasi ya kutosha. Nacho ni kifo cha mzazi ambaye maradhi yake hayakutambuliwa kwa wakati. Mgonjwa wa namna hii hakutelekezwa. Alipokelewa, akaulizwa maswali, akapewa dawa, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Alirudi mara tatu au nne. Hatimaye akafa kwa maradhi tofauti kabisa na yale aliyokuwa akitibiwa. Watoto wake wanapodai maelezo hugundua kwamba hawana tukio la kuonyesha, kwa kuwa kosa lenyewe ni jambo ambalo halikufanyika.

Makala haya yanadai kwamba ugumu wa kutafuta uwajibikaji katika hali kama hii si wa kisheria tu, bali pia ni wa usimulizi. Ili kulidhihirisha dai hili, matini tatu za aina tofauti zinachunguzwa: riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), hukumu iliyotolewa na Mahakama Kuu ya Bungoma mwaka 2018, na tanzia, yaani wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Eneo linalohusika ni lile la Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya. Uteuzi huu si wa kubahatisha. Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, kaunti ambayo makao yake makuu ni Kitale. Aidha, ni mjini Bungoma ambako mahakama ilitoa mojawapo ya hukumu mashuhuri zaidi nchini Kenya kuhusu namna mgonjwa anavyostahili kutendewa.

2. Uzembe Wenye Sura: Kidagaa Kimemwozea

Katika Kidagaa Kimemwozea, kitoto Uhuru kinaugua na kupelekwa zahanati na Amani na Imani, vijana wawili wasio wazazi wake. Wauguzi hawakishughulikii, nacho kinakufa. Kinachofuata ni kinaya kikali kuliko kifo chenyewe: wanaokamatwa na kutiwa ndani si wauguzi, bali ni hao waliokihangaikia. Wahakiki wengi wamelichukulia tukio hili kuwa kielelezo cha kuoza kwa utawala wa Mtemi Nasaba Bora, na jina la mtoto limewarahisishia kazi, kwa kuwa uhuru wa nchi ndio unaokufa kwa kupuuzwa. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haimalizi maana ya tukio. Walibora amegusa pia jambo ambalo kila aliyewahi kupeleka malalamiko hospitalini analifahamu: anayeuliza ndiye hugeuka mshukiwa wa kwanza. Kwa nini mlichelewa kumleta? Mlimpa dawa gani nyumbani? Swali la aliyefiwa hurudishwa kwake likiwa shtaka.

Pamoja na ubora wake, usawiri huu una mipaka. Uzembe katika riwaya unaonekana kwa macho. Msomaji haulizi kama wauguzi wamekosa, kwa kuwa amekwisha kuonyeshwa. Zaidi ya hayo, riwaya inapofikia kufumbua mafumbo yake, kinachofumbuliwa hasa ni siri za Mtemi, yaani mauaji, unyang'anyi wa ardhi na uzinifu. Kosa la zahanati linabaki tawi la uovu mkubwa wenye mtu mmoja anayeweza kutajwa kwa jina. Huu ndio msuko unaotawala sehemu kubwa ya fasihi yetu ya kijamii: penye dhara pana mwovu, na mwovu akianguka, haki imetendeka.

Msuko huo haumsaidii mtoto ambaye mama yake alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi minane ilhali alikuwa na saratani ya umio, maradhi ambayo si haba katika ukanda huu wa Afrika Mashariki. Aliyemtibu huenda alikuwa mtu mwema, mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni na asiye na chombo cha kumulikia umio. Mtoto huyo akiitafuta sura ya mwovu ataikosa, na akiikosa ataelekea kuamini kwamba hakuna aliyekosa. Hapa fasihi humfunza aliyefiwa funzo lisilo kweli, kwamba pasipo na ubaya wa moyo hapana wajibu.

3. Hukumu ya Bungoma kama Matini

Tarehe 8 Agosti 2013, miezi michache baada ya Serikali kutangaza huduma za uzazi bila malipo, mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya wilaya ya Bungoma. Alikuwa amelazimika kujinunulia baadhi ya vifaa. Vitanda vya chumba cha kujifungulia vilikuwa vimejaa. Alipoteza fahamu njiani akirudi wodini, na alipozinduka alikuta wauguzi wakimpiga makofi na kumtukana. Mkasa huo ulinaswa kwenye video ambayo baadaye ilisambaa katika vyombo vya habari. Tarehe 22 Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba haki zake, zikiwamo haki ya afya na haki ya utu, zilikiukwa. Aliamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi.

Kwa mhakiki wa fasihi, mambo mawili katika hukumu hii ni ya msingi. La kwanza ni kwamba mahakama haikukomea kwa wauguzi. Iliitazama Serikali ya taifa na ya kaunti, ikapima kama zilitenga rasilimali na kusimamia viwango vya huduma. Kwa istilahi za kifasihi, hukumu ilipanua orodha ya wahusika. Jambo ambalo riwaya ingelipa sura ya muuguzi mkatili lilipewa hapa sura ya mfumo ulioshindwa. La pili ni amri ya kuomba radhi. Fidia ni pesa, ilhali radhi ni kauli. Mahakama ililazimisha usemi, ikatambua kuwa aliyedhulumiwa anadai kulipwa na pia kusemeshwa.

Lakini hukumu hii, kama riwaya, ilikuwa na tukio. Palikuwa na sakafu, palikuwa na kofi, palikuwa na video. Maradhi yasiyotambuliwa hayana video. Ushahidi wake ni mwandiko wa haraka katika daftari, na hoja yake ni kwamba mstari fulani ulipaswa kuandikwa nao haukuandikwa. Kwa hiyo, ingawa hukumu ya Bungoma imefungua mlango, haijaonyesha namna ya kuisimulia safari ya mgonjwa ambaye hakuna aliyemkosea heshima.

4. Daftari na Tanzia

Mgonjwa wa kutwa katika vituo vingi vya umma vya Kenya huandikiwa katika daftari la kawaida la shule alilolinunua mwenyewe. Daftari hilo ni matini ya ajabu. Lina waandishi wengi wasiojuana, kila mmoja akianza ukurasa wake kana kwamba hapakuwa na kilichotangulia. Lugha yake ni Kiingereza cha mikato ambacho mwenye daftari aghalabu hawezi kukisoma. Mgonjwa akitoka Kitale kwenda Bungoma kuwa karibu na mwanawe, anavuka mpaka wa kaunti, na tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013 anavuka pia kutoka usimamizi mmoja hadi mwingine. Daftari ndilo kiungo pekee. Likipotea, au likizikwa pamoja na mali ya marehemu, msimulizi pekee wa maradhi yake amekufa naye.

Lugha ya kila siku nayo huongeza ukungu. Neno "homa" hubeba joto la mwili, mafua na malaria kwa pamoja. Katika eneo lenye malaria nyingi, ni rahisi neno hilo kuwa utambuzi kabla ya kipimo chochote. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya kutibiwa, lakini mazoea ya lugha hayabadiliki kwa waraka. Kadhalika neno "daktari". Raia humwita hivyo kila aliyevaa koti jeupe na kuandika dawa, ilhali mara nyingi aliyemhudumia ni tabibu mwenye stashahada. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa madaktari husimamiwa na baraza lao, matabibu na lao, na wauguzi na lao. Barua ya malalamiko ikimtaja "daktari" asiyekuwa daktari huweza kugonga mlango usiokuwa wake. Kosa la usawiri wa mhusika, ambalo katika riwaya hupunguza alama za mtunzi, hapa hupoteza miezi. Nayo miezi ni mali, kwa kuwa sheria ya Kenya huweka kikomo cha miaka mitatu kwa madai ya uzembe uliodhuru mwili, na miezi 12 tu kwa madai kama hayo dhidi ya Serikali.

Mwisho wa yote husomwa tanzia. Utanzu huu una fomula zake: marehemu alianza kuugua mwaka fulani, akatibiwa katika hospitali kadhaa zinazotajwa kwa majina, akavumilia kwa ujasiri, hadi mauti yalipomfika. Ukiichunguza sarufi yake, watenda ni maradhi na mauti peke yao. Waganga hawatendi lolote. Hospitali hupangwa kama vituo vya basi, na hakuna anayeeleza kwa nini safari ilihitaji vituo vingi hivyo. Tanzia hufanya hivi kwa hekima, kwa kuwa matanga si mahali pa mashtaka. Lakini kwa familia nyingi, tanzia ndiyo masimulizi pekee ya ugonjwa yatakayowahi kuandikwa. Adabu ya siku moja hugeuka historia ya kudumu.

Katika mila za Wabukusu, wanaopatikana kwa wingi Bungoma na Trans Nzoia, imekuwapo pia hotuba ya kumuse, inayotolewa na mlumbi maalumu baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi. Humo kifo huwekwa katika historia ya ukoo na walio hai hukumbushwa wajibu wao. Kuwapo kwa utanzu huo ni ushahidi kwamba jamii hii haikuamini kuwa kaburi hufunga mazungumzo. Barua ya malalamiko, kwa kiasi fulani, inaendeleza kazi hiyo kwa hadhira nyingine. Tofauti ni kwamba mlumbi wa kumuse hakatizwi, ilhali mwandishi wa barua huweza kukaa mwaka mzima bila jibu.

5. Sarufi ya -ngali-

Sheria ya uzembe wa kitabibu imejengwa juu ya maswali mawili. La kwanza: je, mhudumu alifuata utaratibu unaokubaliwa na wenzake wenye ujuzi? Kipimo hiki kilitokana na kesi ya Bolam ya mwaka 1957 nchini Uingereza, nacho kimekuwa kikitumiwa katika mahakama za Kenya. Kinaya chake ni dhahiri. Pale ambapo kila mtu huita joto la mwili malaria, mazoea yaliyompoteza mgonjwa ndiyo yanayoweza kumtetea aliyemtibu. Ni kweli kwamba tangu kesi ya Bolitho ya mwaka 1997 mahakama za Uingereza huweza kukataa mazoea yasiyo na mantiki, lakini mzigo wa kuonyesha hivyo humwelemea mlalamishi.

Swali la pili ni la kisarufi kwa undani wake: maradhi yangalitambuliwa mapema, mgonjwa angalipona? Kiambishi -ngali- ni cha jambo ambalo halikutokea na halitatokea tena. Aliyefiwa hukitumia usiku na mchana bila kuombwa ushahidi. Mahakama hukidai kithibitishwe kwa uwezekano unaozidi nusu. Na upande wa utetezi hukitumia kwa ukanushi, kwamba hata angalitambuliwa asingalipona. Maombolezo, sheria na utetezi vyote vinasema kwa kiambishi kimoja, kila kimoja kwa maana yake. Ndiyo maana mashahidi husemezana bila kusikizana.

Tolstoy aliliona jambo hili katika Kifo cha Ivan Ilyich (1886). Ivan Ilyich ni jaji. Anapokwenda kwa tabibu akitaka kujua kama hali yake ni ya hatari, tabibu analipuuza swali hilo na kujishughulisha na kiungo gani kina kasoro. Ndipo jaji anapoutambua mtindo: ndivyo naye alivyowatendea washtakiwa mahakamani. Hakuna mwovu katika hadithi hiyo. Kuna taaluma mbili ambazo zote zimejifunza kutolijibu swali lililoulizwa.

6. Hitimisho

Sikio la Kiswahili husikia "jibu" ndani ya "uwajibikaji". Kwa asili ya Kiarabu maneno haya yana mizizi tofauti, la kwanza likitokana na jawabu na la pili na wajibu. Hata hivyo, sikio halikukosea sana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa raia haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na haki ya kupata habari. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kulalamika na lalamiko lake kuchunguzwa. Zote hizi zinakutana katika dai moja, kwamba aliyekuwa na wajibu atoe jibu.

Jibu hilo haliwezi kuwa jina la mwovu tu, kama riwaya ilivyotuzoesha, wala haliwezi kuwa orodha ya vituo kama ilivyo katika tanzia. Linapaswa kuwa masimulizi yenye mpangilio wa wakati: siku fulani kilijulikana nini, na nani, na ni kipimo gani kilichowezekana siku hiyo lakini hakikufanywa. Masimulizi ya namna hiyo humtendea haki marehemu, na humtendea haki tabibu pia, kwa kuwa yanatenga kosa lake na umaskini wa kituo chake. Uhakiki wa Kiswahili umejizoeza kwa muda mrefu kuuliza nani msimulizi, anajua nini, na amejua lini. Maswali hayo hayo yanasubiriwa nje ya darasa, na watu walioshika daftari la mzazi wasilojua kulisoma.