Ubadilishanaji au Uhamaji? Istilahi Moja ya Fizikia

Mwanafunzi wa Lusangi, katika Kabambare, huzungumza Kiswahili sokoni na kusomeshwa fizikia kwa Kifaransa. Akitaka kumweleza mwenzake jinsi ioni inavyotoa mwanga baada ya kukutana na atomu, hana budi kujitafsiria, na huenda akasema "ubadilishanaji wa chaji".

Istilahi hiyo ina kasoro. Kiambishi -an- hudai pande mbili, kila moja ikitoa na kupokea. Itazamwe nyota yenye mkia ya Hyakutake, ambayo mwaka 1996 setilaiti ya ROSAT iliigundua ikitoa eksirei. Mwaka 1997 Thomas Cravens alieleza kwamba ioni nzito za upepo wa jua, mathalani oksijeni iliyopoteza elektroni saba kati ya nane, hunyakua elektroni moja kutoka kwa molekuli za maji zinazoizunguka nyota hiyo. Elektroni hutua katika ngazi ya juu ya nishati; inaposhuka, tofauti ya nishati hutoka ikiwa eksirei. Molekuli hairudishiwi kitu. Huo ni unyakuzi.

Watetezi wa -an- wanayo hoja moja ya haki. Ioni ya heli ikikutana na atomu ya heli, kila moja huondoka na hali ya mwenzake. Lakini zikienda polepole, elektroni hutua katika ngazi ya chini kabisa, na mwanga hautoki. Yaani pale kiambishi kinapofaa, jambo lenyewe linalosomwa halipo!

"Uhamishaji" nao huzua swali la nani aliyehamisha. "Uhamaji wa elektroni" ni wazi zaidi, kwani kinachohama ni elektroni, na chaji hufuata.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilifanya kazi kubwa ya kutaja vitu. Kutaja matendo ni kazi nyingine, na huamuliwa na vinyambuo vya kitenzi. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru. Kiswahili kiliishia kwenye jina.

Litabaki pingamizi la wasemaji wa bara, ambao husema mtu "amepeana" kitabu bila kutarajia kupewa chochote. Kwao -an- imekwisha kulegea, na huenda mwanafunzi wa Lusangi asione kosa lolote.